Kubonyeza Si Kuelewa: Maswali Yenu Kuhusu Watoto Wenye Ulemavu Mkubwa wa Kujifunza

Barua nyingi zilizonifikia tangu toleo lililopita zinazunguka jambo moja: mtoto mdogo mwenye ulemavu mkubwa wa kujifunza anatambuaje kwamba tendo hili ndilo lililoleta tokeo lile? Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, na baadhi ya barua nimezifupisha.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka 4. Daktari alitueleza kwamba ana ulemavu mkubwa wa kujifunza na kwamba uelewa wake unakaribiana na wa mtoto wa miezi michache. Kituoni wamempa swichi kubwa nyekundu inayowasha kichezeo cha muziki, na wiki hii mwalimu wake ameniambia kwa furaha kwamba sasa anaelewa chanzo na matokeo, kwa kuwa anaibonyeza mara nyingi. Mimi nikimtazama naona mkono unaigonga swichi huku macho yakiwa dirishani. Sitaki kumvunja moyo mwalimu, wala sitaki kujidanganya. Nitajuaje kama mwanangu anaelewa kweli?

Mama wa binti wa miaka 4

JIBU

Marahaba, mama. Wasiwasi wako una msingi, na si lazima uwe chanzo cha mvutano kati yako na mwalimu, kwa sababu ipo njia ambayo nyinyi wawili mnaweza kuitumia pamoja mkapata jibu.

Kubonyeza si kuelewa. Mtoto ambaye misuli ya mkono wake hujikaza yenyewe ataigonga swichi mara nyingi hata kama haijaunganishwa na kitu chochote, na mtoto anayependa ubaridi wa plastiki au ule mlio mdogo wa swichi inapobonyea ataibonyeza kwa ajili ya hayo, muziki ukiwa haumhusu kabisa. Kinyume chake nacho ni kweli: yupo mtoto anayebonyeza mara 2 tu kwa saa nzima, lakini mara zote 2 amekusudia.

Kinachotafutwa katika hatua hii si lile wazo kubwa la sababu na matokeo tunalolitumia sisi tunaposema kwamba njia ina matope kwa kuwa mvua imenyesha. Ni kitu kidogo zaidi, kinachokaa mwilini: nimefanya hivi, na lile limetokea, ngoja nifanye tena. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewachunguza kwa makini watoto wake mwenyewe watatu, aliliona jambo hili likikomaa kati ya miezi 4 na 8 ya umri. Mtoto anarusha mguu, kitu kinachoning'inia juu ya kitanda kinacheza, mtoto anasita, kisha anaurusha tena. Piaget aliona pia kwamba uelewa huu mwanzoni ni wa nusunusu. Mtoto aliyezoea kuvuta uzi ili vichezeo vyake vicheze, atauvuta uzi uleule ili kitu kilicho mbali, kisichofungwa na uzi huo hata kidogo, kiendelee kusogea. Anajua kwamba tendo lake lina nguvu. Bado hajajua nguvu hiyo inapitia wapi. Nalitaja hili kwa sababu huenda ukaliona kwa binti yako: mtu atapiga mluzi chumbani, atanyamaza, naye atabonyeza swichi yake huku akimwelekea mpiga mluzi. Usilihesabu kuwa kosa. Kwangu mimi hiyo ni moja ya dalili njema kuliko zote, kwa sababu mkono unaoomba muziki mahali pasipo na waya ni mkono uliokwisha kugundua kuwa unaweza kuomba.

Njia ya kupima naiazima kwa Carolyn Rovee-Collier, mtafiti wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 alianza kuwafunga watoto wachanga utepe laini kwenye kifundo cha mguu na kuuunganisha na vichezeo vinavyoning'inia juu yao, ili kila teke livichezeshe. Uzuri wa kazi yake uko katika mpangilio. Kwa dakika 3 za mwanzo utepe ulikuwa mguuni na vichezeo vilionekana, lakini viwili hivyo havikuunganishwa, naye akahesabu mateke ambayo mtoto hupiga kwa kawaida yake tu. Kisha aliunganisha kwa dakika 9 na kuhesabu. Mwishoni alitenganisha tena, akahesabu. Watoto wa miezi 3 waliongeza mateke maradufu au zaidi ndani ya dakika hizo chache.

Fanyeni vivyo hivyo. Swichi iwe palepale ilipozoea kuwa, kichezeo kionekane, lakini waya uchomolewe. Hesabuni kwa dakika 3. Unganisheni, mhesabu. Chomoeni tena, mhesabu. Rudieni kwa siku kadhaa katika saa ambayo binti yuko macho na ameshiba, na kila kitu kiandikwe daftarini, kwa sababu kumbukumbu ya mtu anayempenda mtoto huongeza mazuri bila yeye kujua. Ongezeni kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hukisahau: mtu mwingine auwashe muziki bila binti kufanya lolote, nanyi mhesabu miguso ya mkono wake. Huenda muziki wenyewe ndio unaomsisimua, viungo vyote vikachangamka, na swichi ikagongwa kwa bahati. Ikiwa anabonyeza zaidi pale tu ambapo kubonyeza kwake ndiko kunakoleta muziki, mwalimu ana haki ya kufurahi.

Ila tazameni zaidi ya hesabu. Waya ukichomolewa, mtoto aliyetambua uhusiano hanyamazi mara moja. Kwa kawaida hubonyeza kwa nguvu na haraka zaidi kwa muda mfupi, hukunja uso, huguna, hukigeukia kichezeo au hukugeukia wewe, kisha hupunguza. Kwa mtoto asiyeutambua, waya kuchomolewa hakubadilishi kitu.

Kuhusu macho yaliyo dirishani, usiyatumie kumhukumu. Watoto wengi wenye ulemavu huu wana tatizo la kuona linalotokana na ubongo wenyewe wala si jicho, nao mara nyingi hugeuza uso pembeni wakati mkono unapofanya kazi, kana kwamba kutazama na kugusa kwa pamoja ni mzigo mzito mno. Wengine hutulia hivyo wanaposikiliza.

Nilimfundisha mvulana wa miaka 5 ambaye hakuwa akisema, wala hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Swichi tuliiweka karibu na shavu lake la kulia, kwa kuwa kichwa ndicho kiungo pekee alichokimudu kidogo, na ikiguswa, feni ndogo ilimpulizia usoni kwa sekunde 5. Kwa siku 6 kichwa kilikwenda na kurudi bila mpango wowote niliouona. Siku ya 7 feni ilipozima, alitulia. Macho yalipanuka, pumzi akaizuia. Zikapita kama sekunde 20, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshanyanyuka kumsaidia, nikaurudisha. Kichwa kikageuka polepole, kikitetemeka kwa juhudi, shavu likaigusa swichi, naye akafumba macho kabla upepo haujamfikia. Kule kufumba macho mapema kulinitosha kuliko hesabu zote nilizokuwa nazo daftarini: alikuwa anaungoja upepo ambao yeye mwenyewe ameuita.

SWALI

Mwanangu mwalimu, mjukuu wangu wa miaka 3 na nusu ninayemlea hasemi, na wataalamu wanasema ulemavu wake ni mkubwa. Kila nikimbeba hunivuta nywele au hunyakua miwani yangu. Nikipiga kelele, anacheka sana. Wapo wanaoniambia mtoto huyu ana roho mbaya, na wapo wanaosema nisihangaike kwani hajui anachokifanya. Nani niamini?

Bibi anayelea

JIBU

Shikamoo, bibi. Usiwaamini wote wawili.

Wanaosema hajui anachokifanya wamekosea, tena wanamnyima sifa anayoistahili. Mjukuu wako amegundua kwamba akivuta, jambo kubwa hutokea: sauti inapanda, uso unabadilika, mwili mzima unaombeba unatikisika. Hutokea papo hapo, na hutokea kila mara. Fikiria ni vitu vingapi katika siku yake vinavyomjibu kwa uaminifu namna hiyo. Chakula huja saa watu wazima wanapoamua, nguo huvuliwa na kuvalishwa bila yeye kuulizwa, mlango hufunguka na kufungwa bila kujali kama ameguna au amenyamaza. Nywele zako, bibi, ndizo kitu cha kutegemewa kuliko vyote alivyo navyo.

Wanaosema ana roho mbaya wamekosea zaidi. Ili amkusudie mtu ubaya, ingempasa ajue kwamba ndani yako kuna maumivu asiyoyaona. Huo ni uelewa wa ngazi nyingine kabisa, ambao hata mtoto asiye na ulemavu hujengeka kwake hatua kwa hatua katika miaka ya mwanzo. Anachokijua yeye ni kelele. Anacheka kwa sababu hesabu yake imetoka sawa.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja, kwa maana moja peke yake halitafaa. Kuvuta nywele kuwe na jibu la kuchosha: usipige kelele, usimtazame, legeza vidole vyake kimoja kimoja uso wako ukiwa umetulia kabisa, kisha uendelee na ulichokuwa ukikifanya. Jiandae, kwani siku za kwanza atavuta kwa nguvu zaidi, akitafuta kelele yake ilikokwenda. Funga nywele nyuma na weka miwani kando katika siku hizo. Wakati huohuo mpe mvuto mwingine wenye jibu kubwa kama lile alilolipoteza. Jifunike kitambaa chepesi kichwani, ukae mbele yake, umwache akivute, na kitambaa kikianguka umtokee kwa uso wote na sauti yote uliyokuwa ukimpa alipovuta nywele. Kelele ile alikuwa anaihitaji kweli. Tunahamisha tu mahali inapopatikana.

SWALI

Mwalimu, mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ana ulemavu mkubwa wa kujifunza. Tumeambiwa anaelewa chanzo na matokeo kwa sababu anawasha na kuzima taa yake kwa swichi, na anaonekana kuelewa kweli. Basi kwa nini haelewi adhabu? Akimwaga maji mchana, jioni nikirudi kazini namnyima kichezeo chake, lakini kesho yake anamwaga tena.

Baba mwenye kuchoka

JIBU

Ndugu yangu, adhabu hiyo iache, kwa sababu kwa mwanao haina uhusiano wowote na maji.

Taa huwaka mara tu anapobonyeza, na kuwahi huko ndiko kunakomfundisha. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Ramey na Ourth, waliwapima watoto wa miezi 3, 6 na 9, ambao kila walipotoa sauti walipata jibu la kupendeza. Waliojibiwa papo hapo waliongeza sauti. Waliocheleweshewa jibu kwa sekunde 3 tu hawakuonyesha kwamba wamejifunza. Mwanao ni mkubwa kuliko hao kwa miaka, lakini katika jambo hili uelewa wake unaweza kuwa karibu nao, nawe unamtaka aunganishe mchana na jioni. Kati ya vitu hivyo viwili amekula, amelala, amebadilishiwa nguo, mlango umefungwa na kufunguliwa. Kama kuna kitu anachokiunganisha na kunyimwa kichezeo, ni kuingia kwako mlangoni. Hicho ndicho kinachonisikitisha katika barua yako, kwani ni wazi kwamba unampenda.

Maji nayo, yakimwagika, yanang'aa, yanatiririka, yana sauti, na yote hayo yanatokea papo hapo. Mtafutie beseni na kikombe, saa maalumu na mahali maalumu, amwage mpaka atosheke.

SWALI

Mwalimu mwenzangu, nina mwanafunzi wa miaka 5 ambaye kwa wiki 5 alitumia swichi vizuri kabisa, akisubiri na kutabasamu kama ulivyowahi kueleza. Kisha akaugua, akakaa nyumbani karibu wiki 3, na aliporudi nilikuta amehamishiwa darasa jipya na kupewa swichi ya rangi nyingine. Sasa anaitazama tu. Wenzangu wanasema amerudi nyuma na kwamba kilichopotea hakirudi. Je, nianze upya?

Mwalimu wa elimu maalumu

JIBU

Kabla ya kuanza upya, rudisha swichi ya zamani.

Nasema hivyo kwa sababu kumbukumbu ya aina hii, katika hatua zake za mwanzo, imefungamana sana na mahali na vitu ilipozaliwa. Watoto wachanga wa Rovee-Collier waliojifunza kwamba teke huchezesha vichezeo walikumbuka vizuri kitanda kikiwa kilekile, lakini kubadilishwa kwa kitambaa chenye nakshi kilichozunguka kitanda kuliweza kuivuruga kumbukumbu hiyo. Mwanafunzi wako amebadilishiwa chumba, swichi na mwanga, na labda hata kiti, vyote kwa mkupuo mmoja. Kwake yeye huenda hiki si kitu kilekile kilichowekwa mahali papya. Huenda ni kitu kingine kabisa ambacho hajawahi kukiona.

Muda nao una sehemu yake. Mtoto wa miezi 3 hukumbuka uhusiano wa teke na vichezeo kwa takribani wiki 1, na wa miezi 6 kwa takribani wiki 2. Lakini yapo matokeo mengine ya kazi hiyohiyo ambayo ningependa kila mwalimu wetu ayabandike ukutani: watoto wa miezi 3 waliokwisha kusahau walionyeshwa vichezeo vikicheza kwa dakika chache tu, bila wao kupiga teke lolote, na siku iliyofuata walipiga mateke kama watu waliokumbuka. Kilichokuwa kimepotea ni njia ya kuifikia kumbukumbu tu. Kwa hiyo mketishe mwanafunzi wako, weka swichi yake ya zamani chini ya mkono wake, uwashe kichezeo wewe mwenyewe kwa muda mfupi, umwonyeshe, kisha umwache. Usimdai chochote siku hiyo. Kesho yake ndipo upime.

Asipobadilika baada ya siku kadhaa, chunguza mwili kabla ya akili. Aliugua nini? Je, amebadilishiwa dawa za kifafa, au dozi imeongezwa? Baadhi ya dawa hizo huleta usingizi na ulegevu, na kifafa chenyewe kinaweza kuwa kinampotezea fahamu kwa sekunde chache chache ambazo mtu wa pembeni huziona kama kuzubaa tu. Masikio yake yamepimwa? Kiti kinamshika kiunoni, au nguvu zake zote zinakwishia katika kujizuia asianguke? Mengine ni ya wauguzi na wataalamu wa viungo, lakini wewe ndiye unayemwona kila siku, basi wewe ndiye wa kuwaita.

Na usiliache jambo moja jepesi: inawezekana amechoka na kichezeo kilekile. Wiki 5 za wimbo mmoja ni nyingi. Mtoto anayechoshwa na tokeo amelielewa vizuri sana.

SWALI

Dada mwalimu, ninamlea mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 2 na miezi kadhaa. Hasemi, haoni vizuri, mikono na miguu hukakamaa, na muda mwingi amelala chali. Vifaa vya umeme unavyovitaja sina. Nimemtundikia kichezeo kinachozunguka chenyewe na kupiga muziki mchana kutwa ili asichoke, na televisheni huwa imewashwa. Hata hivyo hajishughulishi na kitu. Je, mtoto wa namna hii anaweza kujifunza kwamba tendo lake linaleta kitu?

Shangazi

JIBU

Anaweza, dada yangu, na hutahitaji umeme. Ila nitakuomba uanze kwa kuzima.

Kichezeo kinachozunguka chenyewe umekitundika kwa upendo, nami naliheshimu hilo. Lakini kwa mtoto wako kinasema jambo moja mchana kutwa: mambo hutokea, nawe huna sehemu. Mwaka 1972 watafiti John Watson na Craig Ramey walieleza jinsi walivyowapelekea watoto wa wiki 8 vichezeo vya kuning'inia majumbani, wakae navyo dakika 10 tu kwa siku kwa wiki 2. Kundi moja lilikuwa na mto uliohisi mgandamizo wa kichwa, hivyo mtoto akisogeza kichwa kichezeo kinazunguka. Kwa kundi jingine kichezeo kilizunguka chenyewe. Wale wa kwanza walijifunza, na baada ya siku chache wakaanza kukitabasamia na kukitolea ile sauti tamu wanayompa mtu wanayempenda. Wale wa pili hawakufanya hivyo, na baadaye walipopewa nafasi ya kukiendesha kichezeo wenyewe, walishindwa kujifunza. Dakika 10 kwa siku zilitosha. Basi televisheni ibaki kwa ajili yenu watu wazima, kwa saa zenu.

Baada ya kuzima, utakuwa na ukimya, na ndani ya ukimya huo utaanza kumwona. Keti karibu naye siku 2 au 3 bila kufanya lolote ila kutazama, ukijiuliza: ni kitu gani mtoto huyu anakifanya mwenyewe, bila kusaidiwa, japo kidogo? Labda anapuliza mate. Labda anavuta pumzi kwa nguvu, anakunja dole gumba, anageuza kichwa kushoto, anatoa sauti ndogo kooni. Chagua kimoja tu, kile anachokifanya kwa urahisi na ambacho hakitokani na mkakamao unaomuumiza. Kuanzia hapo, kila akikifanya, wewe ndiye swichi. Akitoa ile sauti ya kooni, mjibu kwa sauti ileile karibu na shavu lake, papo hapo, kisha unyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Watoto hawa huchelewa kujibu, si kwa kukataa, bali kwa sababu safari kutoka kwenye kuhisi hadi kwenye kusogeza kiungo ni ndefu kwao. Hesabu moyoni hadi 30 kabla ya kufanya lolote. Wengi wetu tunasubiri sekunde 3, tunaona hakuna kitu, tunarudia, na kule kurudia kunaikata njiani ile juhudi iliyokuwa inakuja. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1980, walimu Melanie Nind na Dave Hewett waliijenga kazi yao yote juu ya mazungumzo ya namna hii, ambamo mtu mzima hufuata na mtoto huongoza, na watu waliokuwa wamehesabiwa kuwa hawafikiki walianza kuwatafuta wenzao. Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba kwa watoto walio wengi mtu ni mwalimu bora wa chanzo na matokeo kuliko kichezeo, kwa kuwa mtu anaweza kulisikia hata tendo lililo dogo mno kubonyeza kitu chochote.

Vitu navyo vina nafasi yao, hasa kwa mtoto asiyeona vizuri. Lilli Nielsen, mwalimu wa Denmark aliyefanya kazi na watoto wasioona wenye ulemavu mwingine, alitengeneza kisanduku kidogo kisicho na sakafu, kinachomfunika mtoto aliyelala kifuani na kichwani, chenye dari inayopitisha mwanga ambamo vitu vimening'inizwa mahali mkono unapoweza kuvigusa. Siri yake ni kwamba vitu havihami. Mkono ukipapasa na kukuta kitu chenye mlio, ukarudi kesho, utakikuta palepale, na bila hilo mtoto asiyeona hana namna ya kujua kama mlio ule ulitokana na yeye. Nielsen aliwaonya pia watu wazima wasimsemeshe mtoto akiwa kazini, onyo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulitii.

Unaweza kupata kitu kinachofanana na hicho nyumbani. Mlaze juu ya ubao mwembamba ulioinuliwa kidogo pembeni, ili kisigino chake kikigonga, ubao uvume na mtetemo umfikie mgongoni. Weka karatasi ya foili iliyofungwa imara chini ya mkono unaosogea zaidi. Ning'iniza vijiko 2 vya chuma karibu na vidole, kwa kamba fupi, mahali pamoja, wiki nzima. Chochote chenye kamba, utepe au karatasi kiwepo tu wakati umeketi naye, na uondokapo ukiondoe. Kamba ndefu isikae karibu na shingo, wala utepe usifungwe kwa kubana kiungo chake.

Usivilete vyote kwa siku moja. Anza na ile sauti ya kooni, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, saa zilezile, kwa wiki 2. Weka daftari karibu na uandike alichokifanya ulipochelewa kumjibu, kwa maana hapo ndipo dalili ya kwanza huonekana: pumzi iliyosita, kope zilizotulia, sauti iliyorudi mara ya pili ikiwa na nguvu kidogo kuliko ya kwanza. Kisha uniandikie ulichokiona.